Wanunuzi wa fedha kuukuu Kibiti wasome muhuri, si hadithi

MSIMU wa korosho ndio wakati ambao pesa nyingi huingia Kibiti kwa mkupuo. Mnada ukishapita na chama cha msingi kikishalipa, mkulima wa Bungu au Mjawa hujikuta na kitu ambacho miezi mingine ya mwaka hana: mtaji. Wengine hununua bati, wengine pikipiki, wengine hufungua duka. Na wapo wanaoshawishiwa kuingiza pesa hizo katika biashara ya vitu vya kale.

Kifurushi cha kitambaa hufunguliwa taratibu. Ndani mna kijiko cheusi, au rupia chache za Mjerumani, au bakuli ya sukari yenye maandishi madogo chini yake. Maelezo hayatofautiani sana: kitu hiki kimetoka kwenye meli ya Mjerumani iliyozama Rufiji, ni fedha tupu, na yupo tajiri Dar es Salaam anayekitafuta kwa mamilioni. Mwenye pesa hutakiwa aamue upesi kwa sababu, kama kawaida, kuna mtu mwingine yuko njiani kuja kukichukua.

Mfanyabiashara huyo huyo akipelekewa korosho hakubali maneno. Atatia mkono guniani, atazikata kwa kisu kuona kiini, ataangalia unyevu, na atataka kujua kama ni daraja la kwanza au la pili. Akifuata kamba Nyamisati atawapanga kwa ukubwa kabla ya kutaja bei. Lakini akiwekewa kijiko cheusi mbele yake, maswali yote huisha na hadithi ndiyo inayopanga bei. Hapo ndipo mitaji inapopotelea. Ukweli ni kwamba bei ya fedha kuukuu huwa imeandikwa upande wa chini wa chombo chenyewe, na kinachohitajika ni kukigeuza na kusoma.

Fedha ya kweli ipo

Si sahihi kusema kwamba biashara yote hii ni ulaghai. Madini ya fedha yalifika Rufiji kwa njia nyingi na kwa muda mrefu. Majahazi yaliyotoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi kufuata boriti za mikoko katika delta yalikuwa ya watu waliozoea kulipana kwa riale ya Maria Theresa, sarafu yenye mwaka 1780 ambao uliendelea kuchapwa juu yake hata baada ya malkia huyo kufariki mwaka huo huo. Riale moja ina uzito wa gramu 28 na kitu, na sehemu 833 katika kila 1,000 ni fedha halisi.

Kisha wakaja Wajerumani na rupia zao. Zile za kuanzia mwaka 1890 hadi 1902 zina jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Za kuanzia mwaka 1904 hadi 1914 ni za serikali ya koloni. Rupia moja ina gramu 11.66, na fedha yake ni sehemu 917 katika 1,000. Mwaka 1904 ndipo rupia ilipoanza kugawanywa katika heller 100, na kutokana na heller hizo Waswahili wakapata neno hela, ambalo limedumu kuliko koloni lenyewe.

Ama meli inayotajwa, nayo ni ya kweli. Ni Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mito ya delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 ilimalizwa na mizinga ya meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, na mabaharia wake wenyewe wakaikamilishia. Lakini Wajerumani waliiondoa mizinga yake yote 10 na kuendelea kupigana nayo nchi kavu, na baada ya vita wanunuzi wa vyuma chakavu waliukata mwili wake kwa miaka mingi. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Mizinga hiyo inajulikana kwa sababu safari yake imeandikwa. Kijiko kisicho na karatasi yoyote hakiwezi kupewa heshima hiyo kwa kauli ya muuzaji peke yake.

Muhuri ni shahidi wa tatu

Katika biashara yoyote muuzaji ana maslahi yake na mnunuzi ana yake. Muhuri wa fedha ni kauli ya mtu wa tatu ambaye hakuwa na faida katika mauzo hayo. Nchi zilizoendelea katika kazi hii zilitunga utaratibu ambapo chombo kinapelekwa kwenye ofisi ya uhakiki, kinapimwa, na kikifaulu ndipo kinapigwa alama. Alama hizo kwa kawaida hujibu maswali manne: ubora gani, mji gani, mwaka gani, na fundi gani.

Vyombo vya Kiingereza ndivyo vinavyotarajiwa kuonekana zaidi nchini, kutokana na utawala wao baada ya vita vya kwanza. Alama ya kutafuta ni simba anayetembea, aliyeanza kutumika mwaka 1544. Simba huyo anathibitisha kiwango kiitwacho sterling, yaani sehemu 925 katika 1,000. Pembeni yake huwa na alama ya mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji lilikuwa la Sheffield hadi mwaka 1974. Kuna herufi moja ya alfabeti inayoonyesha mwaka, na herufi za mwanzo za jina la fundi.

Vyombo vya Kijerumani vya kuanzia mwaka 1888 vinatambulika kwa alama mbili ndogo zilizo pamoja, hilali na taji, zikifuatwa na namba. Namba ya kawaida ni 800, yaani sehemu 800 za fedha katika 1,000.

Mfano wa Ayalandi unastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu mafundi wake walikabiliwa na tatizo linalofanana na la Rufiji. Chama cha masonara wa Dublin kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na alama yake ya ubora ikawa kinubi chenye taji, kwa kiwango kile kile cha 925. Herufi za miaka zikaanza mwaka 1638. Mwaka 1730 iliongezwa alama ya mwanamke aliyeketi na kinubi, aitwaye Hibernia, kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Mwaka 1807 kikaongezwa kichwa cha mfalme, nacho kikadumu hadi mwaka 1890. Kwa hiyo mtu anayeshika sinia lenye kinubi na Hibernia bila kichwa cha mfalme ana sababu ya kuuliza kama chombo hicho ni cha kabla ya mwaka 1807, na tofauti ya bei hapo inaweza kuwa kubwa mara nyingi. Hata hivyo herufi ya mwaka haisomwi peke yake. Herufi ile ile hurudi baada ya kila mzunguko wa alfabeti, ikitofautishwa na mwandiko na umbo la ngao inayoizunguka.

Lakini mafundi wa Cork na Limerick walikuwa mbali na Dublin. Barabara zilikuwa mbovu na zenye hatari, na kupeleka kila kijiko mji mkuu kungemaliza faida yote. Wengi wao walijipigia wenyewe neno STERLING pamoja na herufi za majina yao. Alama hizo hazikutoka ofisi ya uhakiki, lakini soko lilijifunza kuwajua mafundi wenyewe, na leo vyombo vyao vinatafutwa sana na wakusanyaji. Umbali na ofisi haukuwazuia kujenga uaminifu, ila uliwalazimu kuujenga kwa majina yao.

Mitego inayowanasa wanunuzi

Mtego wa kwanza ni herufi EPNS. Mnunuzi asiyejua hudhani ni aina ya fedha ya Ulaya. Maana yake ni chombo cha nikeli, shaba na zinki kilichochovywa fedha kwa umeme. Utando wa fedha ni mwembamba mno kuwa na thamani sokoni. Neno alpacca nalo lina maana hiyo hiyo ya mchanganyiko usio na fedha.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa watu wa Rufiji. Mchanganyiko huo wa shaba, nikeli na zinki huitwa na Waingereza kwa jina linalomaanisha fedha ya Kijerumani, ingawa hauna hata chembe ya fedha ndani yake. Mahali ambapo kila kitu cha kale huambiwa ni cha Mjerumani, jina hilo ni zawadi kwa walaghai. Muuzaji anaweza kusema kijiko chake ni fedha ya Kijerumani, na akawa hajadanganya kwa maneno, huku mnunuzi akiwa ameshaliwa.

Mtego wa tatu ni namba 90. Vijiko na nyuma za viwanda vya Ujerumani mara nyingi vina namba hiyo. Haimaanishi kuwa fedha ni asilimia 90, bali ni kipimo cha gramu za fedha zilizotumika kuchovya seti nzima. Chombo cha fedha halisi cha Kijerumani huonyesha namba ya tarakimu tatu.

Mtego wa nne ni visu. Mpini wa kisu cha mezani unaweza kuwa wa fedha halisi kwa nje, lakini ndani umejazwa utomvu mgumu au saruji. Kuupima mzima kwenye mizani ni kununua saruji kwa bei ya fedha.

Kwa upande mwingine, kukosa muhuri si ushahidi kamili kwamba kitu si fedha. Masonara wa Kutch, waliohudumia Wahindi wa mwambao, na wafua fedha wa Oman na wa pwani yenyewe walifanya kazi bila ofisi ya uhakiki. Wengi waliyeyusha riale za Maria Theresa kupata malighafi. Mrashi, chetezo au bangili ya namna hiyo inaweza kuwa fedha nzuri. Tofauti ni kwamba hapo mnunuzi hana shahidi wa tatu, hivyo hana budi kupima.

Na sarafu zenyewe

Rupia za serikali zina herufi ndogo ya mji zilipopigwa. A ni Berlin na J ni Hamburg. Wakati wa vita, Waingereza walipofunga njia za baharini, Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora mwaka 1916 zenye herufi T. Heller 5 na heller 20 za Tabora ni za shaba nyekundu au shaba ya njano, na zilitolewa kwa wingi. Ile ya rupia 15 yenye picha ya tembo ndiyo ya dhahabu, na zilitolewa zipatazo elfu 16 tu. Hii ndiyo inayoigizwa mara kwa mara, na mtu wa Kibiti anayeuziwa tembo wa Tabora kando ya barabara kuu ya Kilwa anapaswa kuanza kwa kudhani ni wa bandia mpaka sonara athibitishe vinginevyo.

Sarafu haisuguliwi. Wauzaji wengi huing'arisha kwa mchanga, majivu au ndimu ili ipendeze, na hapo huwa wamefuta sehemu ya bei. Mkusanyaji hulipia uso ambao haujaguswa.

Hesabu kabla ya hadithi

Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba gramu moja ya fedha safi ina bei ya shilingi 3,000. Kijiko kikubwa cha gramu 60 chenye alama ya 800 kina gramu 48 za fedha, sawa na shilingi 144,000. Kijiko cha uzito huo chenye simba wa Kiingereza kina gramu 55.5, sawa na shilingi 166,500. Rupia moja ina gramu 10.7, sawa na shilingi 32,100. Riale ina gramu 23.4, sawa na shilingi 70,200. Kijiko cha EPNS, kwa hesabu hiyo hiyo, hakina kitu cha kuhesabu.

Hiyo ndiyo sakafu ya bei, na kila siku inabadilika na soko la dunia. Kinacholipwa juu yake ni kwa ajili ya umri, fundi na uhaba, na malipo hayo hayana msingi bila muhuri kusomwa. Mnunuzi anayetoa shilingi milioni moja kwa kijiko cha gramu 60 ajue kwamba zaidi ya laki nane anazilipia hadithi.

Kipimo cha maji kinaweza kufanywa na mwenye duka yeyote mwenye mizani ndogo ya umeme. Kijiko hupimwa kikiwa kikavu. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani inarudishwa sifuri, na kijiko hufungwa uzi na kutumbukizwa chote majini bila kugusa chini wala pembeni. Uzito wa kwanza hugawanywa kwa namba inayosomeka wakati huo. Jibu likiwa kati ya 10.1 na 10.4, chombo kina dalili za fedha. Likiwa 8 na kitu, ni nikeli au shaba. Sumaku haisaidii sana, kwani shaba nayo haishikwi nayo. Neno la mwisho ni la sonara mwenye jiwe la kusugulia na tindikali.

Nani anaumia zaidi

Wapo watakaosema biashara hii ni ndogo mno kuhangaikia. Anayenunua kijiko kwa elfu 30 na kukiuza kwa elfu 50 ameridhika, na soko huria limefanya kazi yake. Hoja hiyo ina kasoro. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alionyesha, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha zuri na bovu hutoa bei ya bovu kwa yote. Mwenye gari zuri huondoka sokoni, na soko hubaki na mabovu. Kazi hiyo ilichangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Fedha kuukuu ya Rufiji iko katika hali hiyo. Mjane wa Mbwera mwenye riale tano halali za babu yake hulipwa kama mwenye bati, kwa sababu wanunuzi wameshaumwa na nyoka mara nyingi. Na pale anapopatikana mwenye bakuli ya miaka 200, huishia kwenye tanuri la sonara kwa bei ya gramu. Mlaghai anamwibia mnunuzi mara moja, lakini anamwibia kila muuzaji mwaminifu kila siku.

Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wenyewe ndio wenye maslahi ya kuweka utaratibu, kama walivyofanya wale wa Cork. Mambo manne yanatosha kuanzia. Kwanza, hakuna malipo kabla ya alama zote, si moja tu, kupigwa picha kwa simu na kulinganishwa na majedwali ya alama yaliyokwisha kuchapishwa. Pili, chombo ambacho alama zake hazijasomwa kisilipiwe zaidi ya thamani ya madini yake, na upimaji ufanyike kwenye mizani yenye alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Tatu, muuzaji apewe karatasi yenye jina la mnunuzi, uzito, alama zilizoonekana na bei. Mali bila daftari hupotea bila habari, na karatasi hiyo ndiyo inayojenga asili ya kitu kwa mnunuzi wa kesho. Nne, Ofisi ya Biashara ya Halmashauri ya Kibiti ingefanya jambo la maana kubandika ukutani ukurasa mmoja wenye picha ya simba, hilali na taji, kinubi, na herufi EPNS. Gharama yake ni ya karatasi.

Aidha, wafanyabiashara wasisahau Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuchimba kutafuta mali kale au kutoa nje ya nchi vitu vinavyolindwa kunahitaji kibali. Anayeahidiwa tajiri wa ng'ambo aulize kibali kiko wapi kabla ya kuuliza bei.

Mkulima aliyengoja mwaka mzima mikorosho itoe maua, akapalilia, akaokota na kubeba magunia hadi ghalani, hana sababu ya kuukabidhi mtaji wake kwa maneno ya mpita njia. Korosho ina daraja, kamba ana saizi yake, mizani ina alama yake. Kijiko nacho kigeuzwe kwanza, kisomwe, ndipo pochi ifunguliwe.